Ninga wa Pemba na Macho ya Kazungu

Jamaa zangu wa Bofu, tangu nirudi, kila nikitoka msikitini mwanikalisha barazani mniulize kisa cha safari. Nikianza, chai yaja, mwengine yuwaja, maneno yakatika. Sasa nimekaa nikayaandika yote pamoja. Habari za pasi na tikiti nimeziacha, hazina ladha.

Wengi wenu mwamjua Kazungu. Asiyemjua, huyu ni rafiki yangu tangu shule ya sekondari. Babake alikuwa kibarua Changamwe, kwao ni Mikindani, lakini Jumamosi na Jumapili alikuwa akilala kwetu Bofu kwa sababu ya mkuyu uliokuwa nyuma ya nyumba yetu. Kuyu zikiiva, ninga walikuja makundi kwa makundi, wale njiwa wa kijani, nasi tukilala chali chini yake tukiwatizama hadi mamangu, Mungu amrehemu, atuite kula. Mkuyu wenyewe haupo, pale pana nyumba ya kupangisha ya ghorofa tatu.

Mwalimu wetu wa somo la viumbe alitwambia siku moja kwamba kisiwani Pemba kuna ndege wanne wasiopatikana pengine popote duniani, na mmoja wao ni ninga wa aina yake, si hawa wetu. Mimi na Kazungu tukaapa tukimaliza shule twende tukamwone. Tukamaliza shule. Mimi nikawa mwalimu wa somo lilo hilo, yeye akawa fundi wa umeme. Tukaoa, tukazaa, tukazika. Safari tukaisogeza mbele kila mwaka, hata macho ya Kazungu yakaanza kuondoka.

Mikindani, kwa Sidi

Nilikwenda Mikindani kumchukua mwenyewe. Nilimkuta amekaa ukumbini, amevaa shati la mikono mirefu na viatu vya ngozi kama aendaye harusini, begi liko miguuni. Binti yake, Sidi, alikuwa jikoni akiosha vyombo kwa kishindo.

"Shikamoo, ami," akaniamkia bila kugeuka.

"Marahaba, mwanangu. Waionaje safari yetu?"

"Naiona mbaya." Akafuta mikono, akaja hadi mlangoni. "Baba ana presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia, daktari asema limebaki katikati tu, pembeni kote ni kiza. Humu humu ndani hujigonga milangoni. Nawe wampeleka ng'ambo ya bahari kutizama ndege."

"Sidi," Kazungu akasema pale alipokaa, "mimi si kiziwi."

"Najua, baba. Nataka usikie."

Nikamwambia nitamshika mkono babake njia nzima. Akanitizama magoti. Yeye ajua nishukavyo ngazi.

Kazungu akasema polepole, "Mamako alipofariki nilikaa miaka ndani ya nyumba hii nikitizama ukuta. Haya yaliyobaki nataka niyatumie kwa kitu nilichokitaka tangu sina ndevu. Macho haya yataisha nikienda, na yataisha nikikaa."

Sidi aligeuka. Aliingia chumbani, na mimi nikadhani amekwenda kulia. Akatoka na ufunguo wa gari.

Dongo Kundu hadi mpakani

Zamani, kutoka Mikindani kuja kwetu, ilikuwa lazima Kazungu apite mjini avuke na feri. Siku hizi barabara ya Dongo Kundu yakutoa Miritini ikakutupa kusini, feri huioni wala huisikii. Tulipofika kwenye daraja refu la Mwache, Kazungu akaomba dirisha lifunguliwe. Maji yalikuwa yamekupwa. Harufu ya matope ya mikokoni ikaingia garini.

"Hapa chini ndipo alipozama huyu," akasema akinielekeza kidole, ingawa mimi nilikuwa upande wa pili. "Alimfuata mdiria, yule ndege wa buluu alaye kaa. Akazama hadi kiunoni. Nikamvuta kwa mshipi wa suruali, suruali ikaja, yeye akabaki."

Sidi akapunguza mwendo. "Nani, ami Athumani?"

"Huyo huyo mwalimu wenu."

Ndipo Sidi alipocheka mara ya kwanza siku ile, nami nikashukuru kwa aibu yangu. Njia nzima ya Ukunda na Msambweni Kazungu alisimulia mambo ambayo mimi nilikuwa nimeyasahau: jina la mbwa wa jirani yetu, wimbo wa muuza maji, hata rangi ya kanga aliyopenda mamangu. Nikajiuliza kama mtu akipunguziwa macho huongezewa mahali pengine. Sikumwuliza.

Mpakani Lunga Lunga, Sidi akatupa mfuko wa samaki wa kukaanga na kaimati, akanivuta kando.

"Mrudishe, ami."

"Inshallah."

"Usinipe ile inshallah ya kuahirisha."

"Wallahi nitamrudisha," nikasema, na basi la kwenda Tanga likapiga honi.

Tanga, tuliponasa

Tulifika Tanga mchana, tukiwa na nia ya kulala usiku mmoja na kupanda boti asubuhi. Asubuhi yake tukaambiwa bahari imechafuka, boti haiendi. Lini? Ikitulia. Tukarudi kwenye nyumba ya wageni karibu na soko, tukaweka mabegi pale pale tulipoyatoa.

Penye kula palikuwa ng'ambo ya njia, kwa mwanamke mmoja mnene, mpole, jina lake Mama Zaina. Siku ya kwanza nilikaa nikasema kama nisemavyo kwetu Likoni, "Mama, lete chai na mahamri."

Akanitizama. "Nyinyi ni wa Kenya."

"Umejuaje?"

"Mwaamrisha. Sisi huku twaomba."

Jamaa zangu, mimi nimefundisha maisha yangu yote, na sisi watu wa Mvita twajiona Kiswahili kimezaliwa uani mwetu. Masikio yalinipata moto. Nikasema naomba. Akaleta chai na maandazi makubwa. Nikayaonja, nikamwambia kwa adabu kwamba haya si mahamri, hayana iliki wala nazi.

"Ni maandazi," akasema. "Kwani weye uliomba nini?"

"Hakuomba," akasema Kazungu. "Aliamrisha."

Mama Zaina akacheka mpaka akaketi. Tangu hapo alitulisha kama wakwe: wali wa nazi, changu wa kuchoma, mchicha wa nazi, na kila mlo akiuliza mgonjwa wa macho ameshiba.

Bahari haikutulia haraka. Asubuhi moja niliamka nikamkuta Kazungu amelimwaga begi lake lote kitandani, apapasa kila nguo.

"Watafuta nini?"

"Hakuna."

"Kazungu."

Akakaa. "Dawa ya matone. Nadhani nimeiacha Mikindani, juu ya friji."

"Tangu lini hujatia?"

"Tangu tulipotoka."

Tukazunguka maduka ya dawa, na yeye hakumbuki jina, akumbuka tu kwamba kifuniko ni cha samawati. Duka la mwisho lilikuwa na msichana mwenye miwani aliyetusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Pigeni simu nyumbani, wasome jina."

Nyumbani maana yake Sidi. Nikapiga mimi.

"Ami," akasema baada ya kunisikiliza, "hata bahari hamjavuka."

"Hatujavuka."

Nilikuwa tayari kwa neno lolote. Akasema, "Nipe huyo wa dukani." Wakazungumza wenyewe kwa wenyewe, jina likasomwa herufi kwa herufi, na dawa ikapatikana, ya kampuni nyingine lakini ndiyo ile ile. Tangu siku ile matone nikawa nayatia mimi, asubuhi na jioni. Humlaza chali, nikamfungua jicho kwa vidole viwili, naye hunitizama kwa ile tundu ndogo ya mwanga iliyombakia. Hatukuwahi kutizamana hivyo kwa karibu tangu tujuane.

Jioni ile nilimwuliza, "Turudi?"

"Mama Zaina amesema kesho pweza," akajibu, akajifunika shuka.

Mkondo wa Pemba

Boti iliondoka siku ambayo hatukuitarajia, tukaikimbilia chai ikiwa bado mdomoni. Tulikaa dirishani. Pembeni yetu alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu, mtu wa Wete, aliyeanza kutokwa jasho kabla hatujatoka bandarini.

Kazungu aliniuliza, "Bara yaonekana bado?"

"Yaonekana."

Baada ya kitambo akauliza tena.

"Imepotea."

"Na Pemba?"

"Sijaiona."

"Basi hapa ndipo," akasema. "Ndege aliyepeperushwa na dhoruba, hapa ndipo alipokuwa hajui mbele wala nyuma."

Yule wa vitunguu akataka kujua ndege gani. Nami, mwalimu ni mwalimu hata akistaafu, nikamweleza. Unguja, nilimwambia, iliwahi kushikana na bara, bahari ya pale ni ya kina kidogo, na ndege wake wengi ni wale wale wa bara. Lakini mkondo wa Pemba ni shimo. Pemba imekaa peke yake zama na zama. Ndege waliofika hapo zamani, kabla hapajakuwa na mtu wa kuwapa jina, walifika kwa ajali ya upepo, wachache. Wengine wakafa. Waliobaki hawakuwa sawasawa, kama watoto wa mama mmoja wasivyokuwa sawa: huyu mdomo umezidi unene kidogo, huyu manyoya yamefifia kidogo. Na kisiwani matunda si yale yale, maadui si wale wale. Aliyeweza kula na kujificha vyema ndiye aliyetaga na kulea, na makinda yakarithi umbo lake. Hakuna ndege hata mmoja aliyebadilika katika uhai wake. Ni vizazi vilivyobadilika, kidogo kidogo, na kwa kuwa hawakuoana tena na wenzao wa bara, mwisho wakawa ndege wengine. Wenyewe wataalamu waiita uteuzi wa asili.

"Na mteuzi ni nani?" akauliza.

"Hakuna aliyekaa akateua. Njaa huteua. Mwewe huteua. Mwaka miti isipozaa, huo nao huteua."

Akamgeukia Kazungu kama anayeomba hukumu. Kazungu akasema, "Mimi ni mzee wa kanisa, na habari hii naijua tangu shuleni. Haijanipunguzia imani. Nasema tu Mungu ana subira kuliko fundi yeyote niliyewahi kufanya naye kazi."

"Hapo sawa," akasema mtu wa vitunguu, kisha akageuka upande wa pili akatapika ndani ya mfuko kwa utulivu mkubwa.

Mkoani, na kosa la silabi moja

Bandarini Mkoani tulipata dereva wa gari ndogo, Hamadi, kijana wa maneno machache. Nikamwambia, "Sisi tumekuja kuona ndege."

"Leo hii?"

"Ikiwezekana leo hii, kabla jua halijatua."

Akatizama jua. "Tutawahi," akasema, akakanyaga mafuta.

Nikastaajabu kidogo, ndege gani huyo wa kuwahiwa. Lakini njia ilikuwa nzuri ajabu, vilima vya kijani vikipanda na kushuka, na kando ya barabara karafuu zimeanikwa juu ya majamvi. Kazungu alitoa pua nje kama mtoto. Tulipita Chake Chake, tukakata kulia, tukapita geti, na gari ikasimama mbele ya jengo jeupe.

"Haya," akasema Hamadi. "Ndege ile."

Kwenye uwanja palikuwa na ndege ya pangaboi, ndogo, ikigeuka kutaka kuruka.

Kisha Kazungu akanigusa begani. "Athumani, hii hata mimi naiona."

Nilicheka hadi nikaegemea gari. Miaka yote nimewasahihisha watoto wa watu: ndege huyu, ndege hii, ndege wa mtini, ndege ya abiria. Ningalisema tu "ndege wa Pemba", ile "wa" moja ingalituokoa. Nilisema "ndege" basi, nikanyamaza, nikafikishwa uwanja wa ndege.

Kicheko chetu kilimvuta mwanamke mmoja wa makamo aliyekuwa ametoka kumsindikiza mwanawe aendaye Unguja. Jina lake Bi Time. Alitaka kujua wageni wawili wazee wachekani penye watu waagao kwa huzuni. Tulipomweleza naye akacheka, machozi ya kumuaga mwanawe yakiwa bado hayajakauka, kisha akatuuliza kama gari ina nafasi, maana kwake ni Konde, kaskazini, karibu na msitu wa Ngezi, na msituni ndiko tulikotaka kwenda.

Njiani akauliza, "Nyie mmetoka Mombasa kuja kwa ajili ya ninga?"

"Naam."

"Wa kula?"

"Wa kutizama."

Akafikiri. "Zamani tukiwala. Siku hizi yakatazwa, na miye naona vyema, walikuwa wakiisha." Kisha, kama aliyekwisha kata shauri, "Mtalala kwangu. Chumba cha mwanangu ki wazi, na sipendi kukitizama kikiwa kitupu."

Ngezi

Msitu wa Ngezi si kama misitu yetu ya pwani iliyobaki vipande vipande. Ukiingia, jua huliacha barabarani. Miti imepanda ikafungana juu, na chini ni majani mabichi na maji yatiririkayo bila kuonekana. Mtembezaji wetu, Bwana Omari, alikuwa mtu mzima mwenye sauti ndogo, atembea kama anayepita penye watoto waliolala.

Darubini tulikuwa nayo moja, ya Kazungu, aliyoinunua zamani sokoni Kongowea. Nasi tulikuwa tumepanga mambo hivi: Bwana Omari aonyeshe ndege, mimi nisimame nyuma ya Kazungu, nikishike kichwa chake kwa mikono miwili, nikielekeze. Kwa sababu jicho lake, kama alivyonieleza, huona kama mtu achunguliaye kwenye bomba: kilicho mbele ya bomba chaonekana, ila bomba lenyewe halijui pa kwenda.

Haikufaa. Bwana Omari alionyesha chozi, mmoja wa wale wanne, kale kandege kadogo kanyonyako maua, na kabla sijakigeuza kichwa kakaenda zake. Ninga wawili walipita juu, tukasikia mbawa tu. "Wapi?" Kazungu akiuliza. "Kulia. Juu. Wameondoka." Hayo maneno matatu niliyasema siku ile mpaka yakanichukiza. Na mwanga ulikuwa mdogo, hata ndege angetulia sidhani kama angemwona.

Alasiri Kazungu, akipita juu ya mzizi, akaanguka. Hakupiga kelele. Alikaa pale chini ameshika kifundo cha mguu, viatu vile vya ngozi vimejaa matope, na mimi nikamkumbuka Sidi, nikaona haya.

Tulimtoa polepole mimi na Bwana Omari, huyu huku, huyu kule. Tulipofika kando ya msitu jua lilikuwa limezama. Hapo Bwana Omari akasimama, akainua kidole.

Sauti ikatoka mtini. "Hu." Kimya. "Hu." Kavu, moja moja, kama mtu apigaye mlango asioutarajia kufunguliwa.

"Bundi wa hapa," akanong'ona. "Ni mdogo, kama ngumi mbili. Popote pengine hayuko."

Kazungu alisimama kwa mguu mmoja, uzito wake wote umeniegemea, akasikiliza mpaka yule bundi akanyamaza. "Huyu mmoja nimempata," akasema.

Usiku ule Bi Time alimkanda mguu kwa mafuta ya moto, akatuwekea wali na mchuzi wa pweza. Akauliza swali ambalo wanafunzi wangu hawakuwahi kuniuliza: "Hao ndege wana mbawa. Mbona wasirudi kwao?"

"Kwao ndiko hapa sasa," nikamjibu. "Waliofika ni mababu. Hawa wamezaliwa kwa matunda ya hapa na upepo wa hapa. Bara wangekuwa wageni."

Akatikisa kichwa polepole, akatizama mlango wa chumba cha mwanawe.

Kazungu alikuwa hajala. "Na wale waliofika wakawa hawafai?" akauliza. "Yule aliyezaliwa na jicho bovu?"

"Wajua jibu."

"Nalijua. Nataka ulitamke."

"Hakuacha makinda. Habari yake iliishia hapo."

"Basi mimi ningekuwa ndege ningekuwa wa hao."

Ilikuwa elimu yangu mwenyewe iliyokaa pale mkekani, na haikuwa na la kumwambia mtu mwenye miaka yetu. Bi Time ndiye aliyelisogeza sinia. "Weye umekwisha kuzaa, baba," akasema. "Kula wali."

Uani kwa Bi Time

Nilikuwa nimeamua turudi. Nilimwambia asubuhi nikimtia matone, naye hakubisha, na kule kutobisha kuliniuma kuliko ubishi. Nikamsaidia kutoka uani, nikamkalisha kwenye kitanda cha kamba, nikaingia ndani kufunga mabegi.

Sijafunga hata moja nikamsikia akiniita. Hakuita kwa nguvu. "Athumani. Njoo."

Nilitoka nikamkuta ameinamisha kichwa kama asikilizaye redio ya jirani.

"Wasikia?"

Nilisikia majogoo, na Bi Time akifagia, na mtoto akilia nyumba ya tatu. Kisha nikasikia. Nyuma ya ukuta wa ua, penye mti mkubwa wa jirani, sauti ya mluzi iliyopinda pinda, ikapanda, ikakatika kwa mkwaruzo kama mlango usiotiwa mafuta. Nilikuwa sijaisikia tangu mkuyu wetu ulipokatwa.

"Ninga," nikasema.

"Ninga. Lakini si wetu kabisa. Kuna kitu pale mwisho, wetu huvuta zaidi. Nipeleke."

Bi Time akaweka ufagio. Tukambeba mzegamzega hadi kwenye upenyo wa ukuta. Hapakuwa na kiza cha msitu, jua la asubuhi lilikuwa nyuma yetu, laupiga mti wote. Matawi yalikuwa yakitikisika hapa na pale kwa walaji tusiowaona. Kisha mmoja akajitokeza kwenye tawi tupu, mbali kidogo, akakaa. Kwa macho yangu lilikuwa umbo tu, njiwa mnene kwenye mwanga.

Sikusema "kulia" wala "juu". Nilimpa darubini, nikasimama nyuma yake, nikakishika kichwa chake. Nikakigeuza polepole mno, kama mtu ageuzaye kitufe cha redio ya zamani akitafuta stesheni. Nikakiinua kidogo. Nikakirudisha. Nilihisi mifupa ya mashavu yake viganjani mwangu, na pumzi yake. Pumzi ikasimama.

"Usisogee," akasema.

Sikusogea. Bi Time alikuwa amemshika kiunoni asianguke, naye pia hakusogea. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Nilikuwa nikitizama kisogo cha Kazungu, nywele zake nyeupe zilizokatwa vibaya, na mshipa wa shingoni ukipiga.

Kisha mashavu yake yakawa majimaji viganjani mwangu.

"Ameruka," akasema mwisho.

Tulimkalisha chini pale pale. Alikaa na darubini mapajani, na Bi Time akaenda akarudi na chai ya mchaichai na mkate wa kumimina, akatuwekea chini ya ukuta. Wakati tunakula, vijindege vya manjano, wale wenye duara jeupe jichoni ambao wako Pemba tu, walishuka kundi zima kwenye beseni la maji la Bi Time, wakaoga mbele ya miguu yetu bila kutujali. Huyo ndiye wa tatu katika wale wanne. Kazungu aliwaona bila mtu kumshika kichwa.

Kurudi

Bahari ilikuwa tulivu kurudi, na Tanga hatukulala. Bi Time alitusindikiza hadi Mkoani, akamwambia Kazungu chumba ki wazi siku yoyote. Chozi hatukumwona vizuri, mimi wala yeye. Mwenye kutaka wote wanne atakwenda mwenyewe.

Mpakani Sidi alikuwa akingoja amesimama nje ya gari. Alimwona babake akichechemea akanitizama, nami nikajitayarisha. Lakini Kazungu alikuwa ameanza kuzungumza kabla hajamfikia.

Alizungumza kutoka Lunga Lunga hadi Msambweni. Alimwambia bintiye ninga wa Pemba ana kichwa cha kijivu, kijivu cha moshi wa asubuhi, na kijivu hicho hushuka kifuani polepole mpaka hujui kijani kimeanzia wapi. Wetu wa Bofu ni wa manjano zaidi, akasema, ni wa kujionyesha. Huyu ni mtaratibu. Ana kiraka cha zambarau begani, kama mtu aliyeegemea ukuta uliopakwa rangi haujakauka. Miguu ni ya manjano. Alikuwa na kuyu mdomoni, imeiva, na kabla hajaimeza aliigeuza, mara moja, akaitupa ndani. Kisha akainamisha kichwa upande mmoja akatizama chini, moja kwa moja, kwa jicho la samawati hafifu.

Sidi aliendesha akisikiliza. Aliniangalia kwenye kioo. "Ni kweli, ami? Ndivyo alivyo?"

Nikafungua mdomo nijibu. Nilimtafuta yule ninga kichwani mwangu, kichwa cha kijivu, bega la zambarau, ile kuyu, na nilichokipata ni kisogo na mshipa unaopiga.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Mimi sikumwona. Nilikuwa nimemshika babako."

Sidi akaurudisha mkono mmoja nyuma, akanishika goti, akaendelea kuendesha.

Hiyo ndiyo safari. Jicho la kulia la Kazungu sasa limebakisha mwanga wa dirisha tu. Nyinyi mnaoniuliza ninga wa Pemba yukoje, msiniulize mimi. Nendeni Mikindani, mgonge mlango, mkae. Atawaambia, na hataacha kitu.